Nailoni ya Fundi

Fundi hakupenda kusifiwa. Ukimwambia "hongera Fundi, gari limekaa sawa," alikunja uso kana kwamba umemtukania mama yake, akajibu, "Nisifu ukifika." Nilimfahamu miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na sikumbuki siku aliyopokea hongera ikaingia. Alikuwa pia na kanuni yake kwamba hampi mkono mwenye gari mpaka gari lipande mlima wa Newala na kurudi Masasi salama. Watu wasiomjua waliondoka gereji wakisema jamaa ana kiburi. Hakuwa na kiburi hata kidogo. Alikuwa na hofu, ile hofu inayomfanya mtu arudie kukaza nati ambayo ameshaikaza.

Nasema mapema ili nisije nikalaumiwa baadaye: hii si habari ya kuchekesha, ingawa mwenyewe alikuwa anachekesha. Mke wa Fundi alifia ndani ya pikapu yangu, njiani, baada ya injini kuzimika na kukataa kuwaka. Pikapu ile ilikuwa imetengenezwa na Fundi. Kilichoizima tulikijua watu watatu: mimi, dereva wangu Bakari, na fundi mwingine wa Masasi. Yeye hakukijua, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwambia. Siwezi kuandika habari zake na kujifanya hilo halipo, maana kila nikimkumbuka linatangulia lenyewe.

Basi nianze na miguu yake. Mafundi wengine wanasifiwa mikono, huyu alikuwa na miguu. Kwanza alisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, macho ameyafumba. Akimaliza, alivua makubazi, akapanda kiti cha abiria, akabandika nyayo kwenye sakafu ya gari na kumwambia dereva aondoke. Hakusema neno njia nzima. Watu walimcheka, wakasema Fundi anaswali kwenye gari. Mkifika mahali fulani angesema tu, "Beringi ya nyuma kulia," na mkifungua mtaikuta. Nilimwuliza siku moja kwa nini asiendeshe mwenyewe. Akasema mikono inadanganywa na usukani, lakini mguu hauna wa kuudanganya.

Ulimi wake ulikuwa mchungu. Msemo wake mkubwa ulikuwa kwamba gari halidanganyi, anayedanganya ni mwenye gari. Mnunuzi mmoja wa korosho, kati ya wale waliotujia kwa fujo biashara ilipofunguliwa, alileta lori lake akilalamika kwamba limeishiwa nguvu ghafla.

"Umeliwekea nini?" Fundi akamwuliza.

"Dizeli tupu, Fundi. Wallahi."

Fundi akachovya kidole kwenye tangi, akanusa, akamgeukia mama lishe aliyekuwa anakaanga vitumbua ng'ambo ya barabara. "Mama, leta kibatari chako tukijaze hapa! Tajiri ameleta mafuta ya taa." Gereji nzima ikacheka. Yule mnunuzi hakurudi tena, na Fundi hakujali. Alisema mteja mwongo anaua fundi kuliko njaa.

Alikuwa mtu wa Ijumaa, haikosi, mstari wa mbele. Lakini mabibo yakiiva na uraka, pombe ya mabibo hayo, ukaanza kukamuliwa, utamkuta na kata yake amejificha nyuma ya nyumba ya mtu. Shehe alimkanya, akamjibu kwamba yeye hanywi, anaonja tu kujua mikorosho imezaaje mwaka huu. Shehe naye alikuwa mtu wa huku huku na alikuwa na mikorosho yake, akaachana naye. Mimi nilimtania kwamba anaonja mpaka mkorosho wa mwisho wa Tandahimba. Alinitazama, akasema, "Mama Zuhura, ndiyo maana mumeo alikufa mapema." Maneno ya namna hiyo kutoka kwa mwingine ningemrushia jiwe. Kwake nilicheka, kwa sababu yeye ndiye aliyemwosha mume wangu, na alilia kuliko ndugu zake.

Pikapu niliachiwa na mume wangu huyo. Aliinunua miaka ile ya ruksa, wakati kila kitu kilipoanza kuingia: mitumba, redio, sabuni za rangi, na magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika huko kwao, yamebandikwa maandishi ambayo hakuna aliyejua yanasema nini. Kabla ya hapo tulizoea malori ya chama cha ushirika, makubwa, mazito, yanayosikika kutoka bondeni kabla hayajaanza kupanda. Fundi alikulia kwenye malori yale. Siku mume wangu alipompelekea pikapu aione, alifungua boneti, akainama, akakaa hivyo muda. Kisha akasema, "Hili gari lina mtu ndani."

Alimaanisha ile kompyuta, ambayo mafundi wote wanaiita kontrolboksi. Kwenye gari letu ilikuwa kisanduku cha bati kisichozidi Msahafu kwa ukubwa, kimefichwa miguuni mwa abiria, na ndicho kinachoamua injini inywe mafuta kiasi gani na iwake saa ngapi. Fundi alikichukia. Alisema zamani gari likiugua lilikohoa, likatoa moshi, ukaliuliza likakujibu. Hili likiugua linawasha kitaa cha manjano na kununa kama mke mdogo.

Lakini alijifunza, hilo nimtolee ushahidi. Mafundi wenzake wengi wa umri wake walisema magari hayo ni takataka, wakabaki na mashine za kusaga. Yeye aliwauliza madereva wa Dar, aliwauliza makondakta, hakuona haya kumwuliza mtu mdogo kwake. Akajua kuunganisha matundu mawili chini ya boneti kwa kipande cha waya na kuhesabu kitaa kinavyokonyeza, maana kila ugonjwa una makonyezo yake. Alipokuwa akihesabu, midomo ikichezacheza, ungedhani anavuta uradi.

Mtu mmoja tu aliweza kumkosoa, naye ni mkewe. Fundi aliishi Masasi kwa ajili ya gereji, ila nyumbani kwake hasa kulikuwa Chilangala, juu, kwenye shamba la mkewe. Huku kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na shamba ni la upande wa mke. Kila wiki alipanda mlima na gari lolote alilokuwa analijaribu, na mkewe alimpokea kwa kumwita "Fundi" kama sisi, lakini kwa sauti ya kumcheka. Alikuwa mama mfupi, mweusi tii, mwenye chale za zamani usoni, na kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Alifunga vitu. Mlango ukikatika bawaba aliufunga kwa kamba, jembe likilegea alilifunga kwa mpira wa baiskeli. Fundi alimwambia hiyo si kazi, hiyo ni bandeji. Mkewe akamjibu, "Na kwako je? Magari ya watu yanashinda wiki nzima wazi kama vidonda. Yangu yamefungwa, yanafanya kazi."

Msimu wa salfa ndipo alipofunga kweli kweli. Wasiotoka huku niwaeleze: mikorosho ikianza kutoa maua hushikwa na ugonjwa wa unga mweupe, na dawa yake ni salfa, unga wa manjano unaopulizwa kwa mashine alfajiri, majani yakiwa na umande ili ishike. Miezi ile uwanda wote wa Makonde unanuka. Macho yanawasha, mabati yanakula kutu, redio zinakufa. Mke wa Fundi alivisha nailoni kila kitu cha thamani: redio, saa ya ukutani, Msahafu, hata kioo. Aliviringisha mara mbili, akakaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, fundo juu. Wanawake wote wa Chilangala walifanya hivyo, lakini ufungaji wake ulikuwa haupitishi hata sisimizi. Fundi alisema msimu wa salfa nyumba ya mkewe inakuwa duka la sukari ya robo robo. Redio yake kweli haikuharibika hata msimu mmoja.

Na huyo huyo Fundi, anayesafisha chujio la gari la mtu kama anayemwosha mtoto, alipuliza salfa shambani kwa mkewe bila hata kitambaa puani. Alirudi wa manjano mpaka kope. Alikohoa siku nzima, akatema, akaendelea. Mkewe alimgombeza, mimi nilimgombeza. Sijawahi kuelewa jambo hilo kwake. Alijua vumbi linavyoingia kwenye injini na linachofanya humo, kisha akalivuta mwenyewe kama ugoro.

Kontrolboksi yetu ilikufa kwa salfa. Gari lilianza kuzimika likipata moto, likapoa likawaka, baadaye likawa linazimika hata likiwa baridi. Fundi aliunganisha kipande chake cha waya ahesabu, kitaa kikakataa kukonyeza, kikabaki kimekodoa tu. "Anayekonyeza ndiye mgonjwa," akasema. Akaenda miguuni mwa abiria, akafungua plastiki, akaingiza mkono, ukatoka wa manjano.

Sote tulijua. Salfa ukiibeba nyuma inapata unyevu, au wezi wanakushushia mfuko mlimani gari likienda polepole. Kwa hiyo kila mwenye pikapu Newala alipakia mifuko yake ndani, miguuni mwa abiria, na mifuko inavuja. Fundi alikitoa kisanduku, akafungua skrubu nne, akaniita.

"Tazama, Mama Zuhura. Hivi vijinjia vyote vilikuwa shaba, vyekundu."

Vilikuwa vyeusi, vingine vimekatika kama vilivyoliwa na mchwa. Nikamwambia, "Kama salfa imekula shaba, hicho kifua chako je?"

"Kifua hakina shaba," akasema, akakohoa.

Kupata nyingine ilikuwa safari. Hakukubali kuagiza kwa maneno. Alikifunga kisanduku kibovu ndani ya kipande cha kanga, akampa Bakari na kumpandisha basi la Dar. "Nenda na maiti," akamwambia. "Ufananishe namba na namba, plagi na plagi. Wakikuambia zote ni sawa, ondoka dukani." Bakari alirudi na iliyofanana plagi lakini namba ya mwisho tofauti, kwa sababu aliyemwuzia alimwapia kwamba zote ni sawa. Gari liliwaka, ila lilikuwa linapanda na kushuka lenyewe, likivuma na kuzima pumzi, kama mwenye pumu. Fundi alilizima. Alikuwa na haki ya kumtukana Bakari na hakumtukana, alisema tu, "Hii ya gari la gia za kujiendesha. Rudi na maiti."

Iliyokuja mara ya pili ilikuwa yenyewe. Siku ya kuifunga nilikuwepo, nimekaa kwenye tairi. Alitoa kichwa cha betri kwanza. Alisugua sakafu ya gari kwa burashi, akafuta kwa kitambaa kibichi, akafuta kwa kikavu, akaingiza kidole kwenye kila kona na kukitazama. Nikamwahidi kwamba salfa haitapanda tena ndani. Aliniangalia, akamwangalia Bakari.

"Mtapakia tu," akasema. "Nawajua. Ikifika Juni mtapakia."

Ndipo akatuma dukani nailoni nene, mpya. Aliivingirisha kontrolboksi mara mbili, akakusanya midomo ya nailoni pale waya zinapoingilia, akaikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, fundo juu. Nilimwambia, "Fundi, umekuwa mkeo." Akacheka. Ndiyo mara pekee nilimwona akiipenda kazi yake mwenyewe, ameinamisha kichwa upande akiitazama ile bahasha. "Huyu mwanamke ana akili," akasema. "Msimwambie nimesema." Tukapanda mlima, nyayo zake sakafuni, gari likapanda kama halina mzigo. Tuliporudi Masasi akanipa mkono.

Lilikwenda vizuri miezi yote ya jua. Bakari alibeba madumu ya maji, alibeba mihogo, alibeba wanafunzi waliokuwa wanarudi shule ya Chidya likizo ikiisha. Kisha baridi ikaingia, na ukungu wake. Msimu wa salfa ukaanza, na kweli tulipakia ndani.

Alfajiri moja alikuja kwangu Newala mtu mbio kutoka Chilangala, akasema kwamba mke wa Fundi ana tumbo, limemkaza tangu jana, na zahanati wamesema apelekwe hospitali ya misheni, upande wa Masasi. Fundi alikuwa Masasi gereji na simu hakuna. Tukaondoka mimi na Bakari. Tulimpakia mbele, mimi nimempakata kichwa, tukarudi kwenye ule ukungu ambao taa hazipenyi. Gari lilikwenda, likakohoa, likaenda, likazima. Bakari akapiga stata mpaka betri ikachoka. Tulikuwa kwenye mchanga, katikati ya mikorosho, bado hatujafika ukingoni. Tungefika ukingoni tungeshuka hata bila injini, maana mlima ule unashukika kwa breki tu. Tulisukuma. Walitoka watu mashambani, wa manjano kwa salfa, wakasukuma na sisi. Mchanga wa Makonde haukubali kusukumwa. Mgonjwa hakulia. Aliniuliza mara moja kwa nini tumesimama, nikamwambia Bakari anakaza kitu. Akasema, "Mwacheni, mwenyewe atakuja." Alimaanisha mumewe. Jua lilipotoboa ukungu alikuwa ameshatutoka, na nilijua kwa uzito wa kichwa chake.

Gari lilivutwa na lori mpaka Masasi. Sikulipeleka kwa Fundi, ningempelekeaje? Nililipeleka kwa kijana mmoja aliyetoka kufungua gereji yake stendi, mwenye kipimo cha umeme shingoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kontrolboksi, akaikuta imefungwa, akakata ule ukanda wa mpira kwa wembe. Maji yakamwagika miguuni mwake.

"Nani kafunga hivi?" akauliza.

Bakari alitazama chini. Kijana akaelewa, akaacha kuuliza. Alitueleza taratibu kwamba kitu kinachopata moto ukikifunga nailoni kinatoa jasho. Mchana kinachemka, usiku kinapoa, na kila siku jasho linaongezeka halina pa kutokea, na ule ukungu wa kule juu unamalizia. Nikauliza mbona redio hazifi. Akasema redio haichemki, tena redio haikai miguuni mwa mtu karibu na injini. Alikausha ile kontrolboksi juani na haikufufuka. Aliyotafuta baadaye aliifunga juu, nyuma ya dashibodi, wazi ipumue. Nilimwomba asimweleze mtu, na nasikia hakueleza. Alikuwa na adabu kuliko nilivyotegemea.

Kwa nini tulinyamaza? Wengine watasema woga. Mazishini, baada ya dua, kaka mkubwa wa marehemu alisimama kusema habari ya Fundi. Kwa mila mke akishakufa mume anarudi kwao, shamba linabaki kwa wenye shamba. Fundi hakuwa na kwao pa kurudi. Alikuwa na gereji tu, na siku ile alishasema hataki kuiona. Yule kaka akasema mbele ya watu, "Shemeji, kaa. Mikorosho hii aliipanda dada na wewe. Kaa uile mpaka utakapomfuata." Fundi aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Niliona kwamba mtu huyu amebakiwa na kipande hiki tu cha dunia, na kwamba akijua kilichokuwa ndani ya ile nailoni hatakaa juu yake hata wiki moja. Namjua. Angefunga virago bila kufukuzwa. Nikamtazama Bakari ng'ambo, naye ananitazama.

Gereji ilifungwa. Wakaja mafundi wengine, wengi wenye vipimo shingoni, na magari yenye mtu ndani yakawa ndiyo magari. Fundi hakushika tena spana. Watu walimfuata mpaka Chilangala na magari yao, akawaambia amesahau. Alilima, alipuliza salfa, alikohoa. Nilipita kumsalimu mara chache, na kila mara tuliongea korosho, mvua, na nani kafa. Gari hakuligusia. Nilidhani amelizika.

Mara ya mwisho nilimkuta nje ya nyumba amekaa kwenye kigoda, blanketi mabegani, jua linawaka. Ilikuwa msimu wa salfa. Alikuwa amekonda, macho mekundu, kifua kinapiga filimbi kila akivuta pumzi. Ndani vitu vyote vilikuwa wazi. Saa ya ukutani imesimama, redio imekaa juu ya meza bila kufunikwa, imeingia manjano.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Zuhura. Zuhura hajambo?"

"Hajambo, ana wa pili sasa."

"Na lile gari?"

Nikamwambia nimeshaliuza, limekwenda Nachingwea.

"Uliliuza likiwa linawaka?"

"Linawaka vizuri."

Kikohozi kikaja, kikapita. Shemeji yake mmoja, ndugu wa marehemu, alipita na mashine ya kupuliza mgongoni, akatusalimia, akamwambia atamletea uji. Fundi akamshukuru. Alipokwishatoweka kwenye mikorosho, Fundi akasema akiwa bado anamtazama alikopitia, "Hawa wananilisha. Hawajawahi kunikunjia uso. Nakula korosho za dada yao, na sijui kama nazila kwa haki. Mimi karibu nitaondoka. Niambie. Lile gari lilizimika kwa nini?"

"Pampu ya mafuta," nikasema. Jibu hilo nilikuwa nimelitayarisha tangu mazishini, likatoka bila kukwama.

Fundi akatikisa kichwa, wala hakuwa na hasira.

"Pampu niliifunga mimi," akasema.

Kweli aliifunga yeye, mume wangu akiwa hai, nami nilikuwa nimesahau. Na ningesema plagi angesema alizifunga yeye, ningesema waya angesema hivyo hivyo. Hapakuwa na kitu ndani ya gari lile ambacho mkono wake haukupita, kwa hiyo uongo wowote ningempa ungemkuta palepale. Aliendelea, kwa sauti ndogo, kwamba miaka yote hiyo analifungua kichwani, kipande kimoja kimoja, anakikuta kizima, anakirudisha, anaanza upya. Akifika mwisho haoni kosa, na hiyo ndiyo inayomtesa, kwamba kosa lipo na halioni. Nililia. Sikuona aibu, nililia mbele yake kwa upindo wa kanga.

"Ilikuwa kontrolboksi, Fundi," nikasema. "Nailoni ilishika maji."

Akafumba macho kama alivyokuwa akifumba zamani na bisibisi sikioni.

"Jasho," akasema. "Ilikuwa inatoa jasho."

"Ndiyo."

"Redio yake haikutoa."

"Redio haichemki."

"Eeh. Redio haichemki." Akafungua macho. "Nnungu wangu," akamtaja Mungu kwa kilugha. "Huku wanawake wanashuka bonde zima na ndoo kutafuta maji, mimi nikayafungia ndani ya gari."

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yake, na yeye hakuwafukuza. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya gereji, sauti ya mtu anayetaka kujua ugonjwa ulifika wapi.

"Yalikuwa mengi?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani? Kikombe?"

"Kikombe."

"Cha chai, au cha kahawa?"

Alinikazia macho, na nikaona kwamba jibu hili atakaa nalo siku zote zilizobaki.

"Cha kahawa," nikasema.

Kilikuwa cha chai, na kilijaa.